Nani Aangaliwe Kwanza?

Muuguzi aingiapo zamu akuta wagonjwa wanne. Wa kwanza alipasuliwa tumbo juzi, naye alia kwa maumivu ya kidonda. Wa pili ataka maelezo ili arudi nyumbani. Wa tatu ana kisukari. Atoka jasho jingi na maneno yake yameanza kuchanganyika. Wa nne alipasuliwa shingo asubuhi. Yu kimya, lakini kila avutapo pumzi husikika mlio mwembamba. Amwendee yupi kwanza?

Hana budi amwendee wa nne, kwa kuwa njia yake ya hewa yaziba. Kisha wa tatu, ambaye huenda sukari yake imeshuka mno. Aliaye kwa sauti atangoja kidogo. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kwa maswali ya namna hii hutahiniwa wauguzi wa Marekani watakao leseni, katika mtihani uitwao NCLEX. Tangu Aprili 2023 mtihani huo umetilia mkazo zaidi uamuzi wa muuguzi. Mtahiniwa hupewa kisa cha mgonjwa mmoja chenye maswali sita: atambue dalili, azichambue, apange matatizo kwa uzito wake, abuni njia za kusaidia, achague la kutenda, kisha apime matokeo. Katika maswali ya aina hiyo mpya, aliyepata sehemu ya jibu aweza kupewa sehemu ya alama.

Ndugu wanachuo, sisi twayatajia nini haya? Twaona kwamba maswali yetu mengi ya shule ya msingi huanza na neno “taja”. Mtoto hutaja hatua za huduma ya kwanza bila kukosea, lakini mwenzake aangukapo uwanjani asijue la kufanya. Hatusemi kukariri ni bure. Asiyezijua dalili hawezi kuzipima. Twasema maarifa ni akiba, na akiba yapasa kutumika.

Basi tujaribu swali hili katika somo la sayansi: “Watoto watatu wameumia. Mmoja alia, goti limechubuka. Wa pili atoka damu puani kidogo. Wa tatu amelala chali, haitiki aitwapo. Utamwendea yupi kwanza, na kwa nini?” Alama moja iwe ya chaguo, na mbili ziwe za sababu. Aliyechagua vizuri kwa kubahatisha ataonekana. Aliyekosea lakini akafikiri hatatoka mikono mitupu, nasi tutajua tumsahihishe wapi.

Tena swali hili latuhusu sisi wenyewe. Katika darasa lenye watoto wengi, wanyoshao mikono na wapigao kelele hutuvuta kwanza. Yule akaaye nyuma, asiyeandika wala kuuliza, ndiye aliye hatarini zaidi, nasi humpita kila siku tukidhani ametulia. Yatupasa tujifunze kumwona kabla kengele haijalia.