Wameandikwa Mara Ngapi?

Waandikishaji wanakuja kwetu Kilangala na daftari. Kaya ipi ina mtoto asiyesikia, yupi haoni vizuri, yupi akili yake inachelewa kushika? Tunawatoa watoto nje, wanaandikwa jina na umri, sisi tunaweka dole gumba. Gari linaondoka. Mwakani ni daftari jingine.

Mageuzi ya elimu tumeyasikia. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imesema elimu ya lazima ni miaka 10, na mitaala mipya ikaanza Januari 2024. Hatuipingi. Lakini mtoto asiyesikia anakalishwa dawati la mbele, anatazama mdomo wa mwalimu, ananakili ubao kwa mwandiko mzuri kuliko wa wenzake, na hajui alichoandika. Miaka 10 ya hivyo itamfaa nini, bila hata mtu mmoja anayejua lugha ya alama? Mwalimu wake hatumlaumu. Darasa limejaa, naye elimu maalumu hakuisomea. Chuo cha walimu hao ni Patandi, kule Arusha. Kutoka huko mpaka pwani yetu ni kuivuka nchi.

Tukiuliza tunajibiwa: mpelekeni Masasi, kuna shule ya wasioona. Asiyesikia akafanye nini shule ya wasioona? Na huyo asiyeona mwenyewe ana miaka saba, bado anashikwa mkono kwenda msalani. Ada iliondolewa, tunashukuru, ila nauli, godoro na sanduku havikuondolewa. Tena Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma pamoja na wenzake. Wenzake wako hapa.

Ufuta wetu ukifika mnadani hakuna kilo inayosahaulika. Ushuru unakatwa mpaka kilo ya mwisho. Basi serikali inajua kuhesabu. Tunachoomba ni mwalimu mmoja wa elimu maalumu kwa kata yetu, na vitabu vya nukta nundu vifike pamoja na vile vya wengine, visije mtaala umeshabadilika tena.

Kuna mama hapa, mwanawe aliandikwa mara ya kwanza akiwa bado anabebwa mgongoni. Safari hii wenye daftari wamemuulizia, wakaambiwa yuko shambani anapalilia ufuta na wajomba zake, shule aliiacha darasa la pili. Wakaandika: mtoro.