Hakushindwa na Kompyuta
Kijana mmoja wa hapa Kawajense aliunda kompyuta kwa vipuri vya mtumba, kisha akakwama kuweka Linux. Mashine ilikuwa imepangwa kuwaka kwa diski peke yake, na diski ilikuwa tupu. Tulitanguliza flashi katika mpangilio wa kuwasha; mfumo endeshi ukaingia. Kioo kilikuwa kimemweleza tatizo tangu mwanzo, ila kwa Kiingereza. Hakushindwa na kompyuta. Alishindwa na lugha.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Wasomi tulianza vema, kisha tukalegea. Ndugu msomaji, taifa linalowahimiza vijana kubuni halina budi kuwasemesha kwa lugha wanayoielewa.