Ada ya nguo iifuate nguo mpaka Mumosho

Tarehe 16 Oktoba 2025 sheria mpya ya Umoja wa Ulaya kuhusu taka za nguo ilianza kutumika. Wanaotengeneza na kuingiza nguo huko watagharamia kuzikusanya, kuzichambua na kuzirejeleza zikichakaa. Kila nchi mwanachama imepewa miezi 30 kuunda mpango wake. Mimi sheria hiyo imenikera: fedha zitabaki Ulaya, nguo zitaendelea kuletwa kwetu.

Kule Mumosho, nje kidogo ya Bukavu, mashariki mwa Kongo, wapo wanafunzi wanaotafiti namna ya kupunguza taka za nguo na kuzitumia upya papo hapo walipo. Nawaheshimu sana. Siwaelewi watu wazima wanaoitazama kazi ya vijana hao wakadhani kwamba suluhisho limeshapatikana.

Upande wa pili una hoja zake. Mitumba huvisha watu kwa bei wanayoimudu na kuwalisha akina mama wa soko la Kadutu. Sheria yenyewe inataka nguo zichambuliwe kabla ya kusafirishwa. Sawa. Wapo pia wanaotaka mitumba ipigwe marufuku. Rwanda, ng'ambo tu ya mto Ruzizi, ilipandisha ushuru wa mitumba mwaka 2016 kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Kwa sababu hiyo, Julai 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza nguo huko bila ushuru.

Sasa tuitazame nguo yenyewe. Shati la pamba tupu likichakaa, fundi cherehani hulikata akapata nepi, taulo za hedhi, hata kitambaa cha kudekia, kinachobaki huoza. Polyester haiko hivyo. Ni plastiki iliyotokana na petroli: hainyonyi maji vizuri, haiozi, na ikichomwa hutoa moshi wenye sumu. Nguo nyingi za siku hizi zimechanganya nyuzi hizo mbili, na kuzitenganisha kunahitaji mitambo na kemikali ambazo hata Ulaya bado ni chache. Mwanafunzi anaweza kuzisuka zikawa mkeka au kuzijaza kwenye mto wa kulalia. Kazi nzuri. Lakini mkeka nao utachakaa, na siku hiyo itakuwa plastiki ileile, kwenye milima ileile ambako mvua husomba kila kitu hadi ziwani na mtoni. Bukavu inajua gharama yake: taka za plastiki zimewahi kuziba mitambo ya bwawa la Ruzizi I na kuuacha mji bila umeme. Utafiti hurefusha maisha ya nguo, ila mwisho wake uko palepale, na lazima awepo wa kuulipia.

Na malipo yameshafanyika! Ufaransa ina mpango wa namna hii tangu 2007. Kila nguo mpya hutozwa senti chache za euro kwa ajili ya siku itakapotupwa. Shati hilo likisafirishwa Afrika, linahesabiwa kwamba limetumika tena, na ada yake inabaki kule kule. Mwisho wa shati unaachiwa msichana wa sekondari Mumosho mwenye mkasi mkononi. Kampuni iliyopata faida imeondoka na jina safi, naye anaambiwa awe mbunifu. Nani aliiruhusu kumbebesha mtoto huyu mzigo ambao fedha zake zimeshakusanywa? Nimechoka kusikia hili likiitwa msaada.

Miezi 30 itaisha Aprili 2028. Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na vita vya Kivu si sababu ya kunyamaza. Jumuiya iende Brussels kwa pamoja, maana Rwanda ilisimama peke yake ikaadhibiwa, idai kwamba kila robota livuke bahari pamoja na ada yake. Fedha hizo zijenge dampo salama Bukavu, zilipe wachambuaji wa nguo sokoni, na ziwape wanafunzi wa Mumosho maabara ya kupimia nyuzi wanazozishika kila siku.