Mgonjwa wa Akili Naye ni Mwananchi

Katika maboma yetu ya Kisii na Nyamira wako wagonjwa wa akili wanaofichwa kwa aibu, na wengine hufungwa kamba. Aliyenaswa na chang'aa huitwa mpotevu, wala hakuna anayemwita mgonjwa. Sisi hatulaumu familia. Kwa miaka mingi tegemeo kuu lilikuwa Hospitali ya Mathari, Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1910, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa. Mchuma chai atapata wapi nauli hiyo?

Lakini sheria imekwisha kubadilika. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 chamhakikishia kila mtu haki ya afya. Mwaka 2013 huduma za afya zilikabidhiwa kaunti. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yakazitwika kaunti wajibu wa kutoa matibabu na urekebishaji. Januari 2025 Mahakama Kuu ikatamka kwamba kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Basi mtu huyo apelekwe kwa daktari, asipelekwe rumande.

Twadai dawa na wauguzi waliofunzwa wapatikane katika vituo vya afya vijijini, si mjini pekee. Bajeti ya kaunti inapojadiliwa, tufike, tuwaulize wawakilishi wetu wa wadi: fungu la wagonjwa hawa liko wapi? Tunachodai ni haki, wala si sadaka.