Koltani yetu na blokicheni: kuchagua chombo si kazi ya mafundi peke yao

Vijana wengi wa informatiki huku kwetu wanauliza: ukitaka kutengeneza programu ya blokicheni, uanze na chombo gani? Swali ni la mafundi, lakini jibu linamgusa hata yule anayechimba koltani kwa mikono, sababu programu za namna hii zinaletwa ili kufuata njia ya madini toka shimoni mpaka kiwandani.

Blokicheni ni nini? Ni kama daftari moja ambalo watu wengi wana nakala yake. Ukiandika mstari, wenye nakala wote wanauona, na hakuna mmoja anayeweza kuufuta kwa siri.

Kuko njia mbili kubwa. Ya kwanza ni daftari la wazi, kama Ethereum. Kila mtu anaweza kuingia, lakini kila maandishi yanalipiwa, na bei inapanda na kushuka. Kama kila mfuko wa madini unaandikwa, nani atalipa? Ya pili ni daftari la kufungwa, kama Hyperledger Fabric. Wanaoingia wanajulikana, na hakuna sarafu ya kulipia kila mstari. Hii njo ilitumika katika jaribio lililotangazwa Januari 2019 na Ford, IBM, LG Chem, Huayou Cobalt na RCS Global, la kufuata kobalti ya Kongo mpaka Korea Kusini na Marekani. Lakini hapa wenye daftari ndio wanaamua nani aingie. Kooperative za wachimbaji zitakuwa ndani, ao zitaandikiwa tu?

Kwa kijana anayejifunza Ethereum, Remix inatosha kwa kuanza: inafunguka ndani ya kivinjari na unajaribu bila kulipa. Hardhat ni ya kazi kubwa zaidi. Ukiisha kuiweka, inakupa blokicheni ya majaribio ndani ya masini yako mwenyewe. Kwa mtu anayenunua mega kwa kuhesabu, hiyo ni faida. Tena angalia kama chombo kingali hai. Truffle ilifundishwa miaka mingi, lakini Septemba 2023 kampuni ya ConsenSys ilitangaza mwisho wake. Masomo yake ya zamani yangali yanazunguka, na mtu anaweza kupoteza wiki nzima juu ya chombo kilichoachwa.

Lakini hakuna chombo kinachojua mfuko ulijazwa wapi. Etiketi zenye namba ziko kwenye mifuko ya Kivu tangu miaka mingi. Hata hivyo, mwisho wa mwaka 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba koltani ya Rubaya, angalau tani 150, ilivushwa kwa magendo mpaka Rwanda na kuchanganywa na madini ya kule. Kama mtu wa kwanza anaandika uongo, blokicheni itautunza uongo huo vizuri sana.

Basi, siku mradi wa namna hii unafika kwenu, msiulize tu jina la programu. Ulizeni: nani anaandika mstari wa kwanza pale shimoni? Nani anamkagua? Mstari ukiwa na kosa, unasahihishwa namna gani? Na mchimbaji, ataweza kusoma kile kilichoandikwa juu ya mfuko wake? Fundi asiye na majibu hayo, chombo chake kiwe kizuri namna gani, hajamaliza kazi.