Chatne ya Kotmiri Isitutoke Mikononi

Miongoni mwa neema tulizojaaliwa watu wa mwambao huu ni kotmiri, jani dhaifu kwa umbo lakini lenye harufu ya kuamsha hamu hata ya mgonjwa. Basi yanihuzunisha kuona nyumba za Unguja na Mombasa, ambamo chatne ilikuwa ikitwangwa jioni, leo zikiridhika na ile ya chupa.

Kazi yenyewe ni sahali: fungu moja la kotmiri lililooshwa vyema, majani machache ya nanaa, pilipili mbichi 2, punje 3 za kitunguu thomu, chumvi, na nazi iliyokunwa kiasi cha kiganja, vyote vitwangwe kinuni hata vilainike, na ndimu ikamuliwe mwisho kabisa, wakati wa kuandaa, kwani ukali wake ukitangulia mapema huifanya rangi ya kijani ichujuke na kuelekea hudhurungi.

Iliwe siku ile ile, kwa bajia au muhogo wa kuchoma, maana ikilala harufu yake hupungua. Enyi wazazi, wafundisheni watoto wenu, wa kiume kwa wa kike, kuitwanga, kwani ladha isiyorithishwa hufa pamoja na mwenyewe.