Muanda: pwani fupi ya Congo kati ya watalii, petroli na bandari mpya

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ina pwani ya bahari ya kilomita 37 hivi tu. Katika kipande hicho kifupi cha jimbo la Kongo Central kunabanana mji wa Muanda na fukwe zake za mapumziko, hifadhi ya wanyama, visima vya petroli na ujenzi wa bandari ya Banana. Swali linaloulizwa ni kama vyote hivyo vinaweza kukaa pamoja.

Vivutio vipo. Wageni huogelea, hutembea kwenye mchanga na kula samaki waliovuliwa siku ileile. Wengine hupanda mtumbwi na kuingia kwenye mdomo wa mto Congo, ambako mikoko, miti inayoota ndani ya maji ya chumvi, imefanya msitu wenye njia nyingi za maji. Humo mnaishi nguva, mnyama mkubwa anayekula majani ya majini. Kuanzia mwezi wa kumi, kobe wa baharini hupanda ufukweni usiku kutaga mayai. Mmoja wao anaweza kupita kilo 300.

Ili kulinda mali hiyo, serikali iliunda mwaka 1992 hifadhi inayoitwa Parc marin des Mangroves, chini ya usimamizi wa ICCN. Lakini petroli ilitangulia: inachimbwa baharini karibu na Muanda tangu miaka ya 1970. Hapo ndipo tofauti na Virunga inapoonekana. Virunga ilikuwa hifadhi tangu 1925, na mwaka 2014 kampuni ya Soco ilipokubali kusimamisha utafutaji wake wa petroli humo, hakukuwa na kisima cha kufunga. Muanda, hifadhi ilizaliwa ikiwa tayari na jirani huyo.

Sasa jirani wa pili anakuja. Mwezi wa kwanza 2022, Rais Félix Tshisekedi aliweka jiwe la kwanza la bandari ya Banana, kazi iliyopewa kampuni ya DP World ya Dubai. Sababu zake zinaeleweka: meli kubwa haziwezi kupanda mto hadi Matadi, na inchi hutegemea bandari za wengine. Wafanyabiashara wa Bukavu na Butembo wanajua gharama ya kungojea mizigo kutoka Mombasa au Dar es Salaam.

Lakini bandari huleta pia watu, nyumba na haja ya kuni. Tayari mikoko inakatwa kwa makala na kwa kukausha samaki, na mayai ya kobe yanachimbuliwa ili yaliwe. Mikoko ikiisha, si watalii peke yao watakaokosa kitu. Samaki wengi huzaa na kukulia kati ya mizizi yake, na mizizi hiyohiyo hushika udongo ambao maji yanaula.

Kwa hiyo, kuchagua kati ya bandari na ufukwe si lazima. Kilicho lazima ni mipaka ya hifadhi iheshimiwe, walinzi wake wapewe vifaa, na wavuvi wa Muanda waone faida ya mgeni anayekuja kutazama kobe. Mvuvi asiyepata kitu kwa kobe aliye hai ataendelea kuchimbua mayai, hata sheria ikisema nini.